Viungo vya chai ya sikukuu: tazama mashapo kabla ya kutazama bei

Tangu Idi iliyopita, lalamiko ninalolisikia kutoka kwa akina mama wa mitaa ya Langoni na Mkomani hapa Lamu ni moja, nalo halihusu harufu ya chai wala utamu wake. Wanasema kwamba chai ya viungo ilipendeza ilipotoka jikoni, lakini kadiri wageni walivyozidi kuingia ndivyo ilivyozidi kuwa nzito na kali, na vikombe vya mwisho vilirudishwa vikiwa na robo ya chai ambayo hakuna aliyetaka kuimaliza, kwa kuwa chini yake palikuwa na tope. Wapo waliodhani wamezidisha tangawizi, na wapo waliowalaumu mabinti zao kwa kutochuja vizuri. Kwa maoni yangu tatizo lilianzia dukani, katika aina ya masala iliyonunuliwa. Kwa kuwa Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, unakaribia, na nyumba nyingi za Lamu zitapokea wageni wanaokuja kwa ajili ya Maulidi ya Msikiti wa Riyadha, nimeona ni vyema kuuzungumzia ununuzi huu mapema.

Sitaipa harufu nafasi kubwa. Masala yoyote iliyofunguliwa leo inanukia, na muuzaji hodari anajua kuitikisa mbele ya pua ya mnunuzi hadi mnunuzi asahau kuuliza lolote lingine. Jambo linalosahauliwa ni kwamba viungo haviyeyuki. Iliki, mdalasini, karafuu, pilipili manga na tangawizi ni mbegu, magome, maua makavu, matunda makavu na mashina ya ardhini ya mimea, na hata ukivisaga mara ngapi vitabaki kuwa vipande vya mmea ambavyo huelea kwa muda kisha vikazama. Unga wa mdalasini una ute ambao huvimba ukikutana na maji ya moto, na tangawizi kavu ina wanga mwingi ambao ukichemshwa huifanya chai ishikane kama uji mwepesi. Isitoshe, mashapo yaliyozama ndani ya chupa ya chai hayakomi kufanya kazi yake. Maji ya moto huendelea kuyakamua ukali wa karafuu na pilipili manga, ndiyo maana kikombe kinachomiminwa saa mbili baada ya chai kupikwa huwa na ladha tofauti kabisa na kile cha kwanza, ingawa vyote vimetoka katika sufuria moja.

Katika chai ya maziwa yenye povu, ile ambayo mikahawa ya kijiji cha Shela huiita chai late na kumtoza mgeni bei ya mlo mzima, kasoro hii huonekana mara mbili. Povu hukaa juu kwa utulivu na kuficha kila kitu, na mnywaji hagundui mchanga hadi umemfikia ulimini.

Kipimo ninachokitumia, basi, ni ukubwa wa punje. Kiungo kizima au kilichopondwa vipande vikubwa hunaswa chote na chujio, na unga laini kabisa huelea kwa muda mrefu bila kuukwaruza ulimi. Balaa liko katikati, katika masala iliyosagwa nusunusu, ambayo punje zake ni ndogo kiasi cha kupita katika matundu ya chujio la plastiki, lakini ni nzito kiasi cha kuzama mara tu chai inapotulia. Masala ya namna hii ndiyo inayouzwa zaidi katika soko letu. Ukitaka kuihakiki kabla ya sikukuu, tia kijiko kimoja cha chai cha masala katika gilasi ya maji yanayochemka, koroga, kisha uiache kwa dakika kumi. Mimina maji polepole na usugue kilichobaki chini kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukihisi mchanga, wageni wako nao watauhisi.

Chupa ya chai nayo ina sehemu yake katika jambo hili, ingawa sijasikia muuzaji hata mmoja akimweleza mteja. Chupa ya kubonyeza ina mrija unaofika hadi chini kabisa, kwa hiyo hunyonya mashapo kwanza, na kikombe chenye tope zaidi humwendea anayehudumiwa mwanzo, ambaye kwa adabu zetu ni mzee au shekhe aliyeketi mbele ya wote. Mrija huo ukiziba katikati ya ugeni, hakuna sindano wala kijiti kitakachouzibua mbele za watu. Chupa ya kumimina, yenye mdomo mpana, huyaacha mashapo chini na kuoshwa kwake ni rahisi. Kwa chai ya viungo sinunui ya kubonyeza, hata iwe na maua ya kupendeza kiasi gani.

Nafasi ya kwanza, kwa hiyo, naipa viungo vizima unavyovinunua kimoja kimoja na kuviponda mwenyewe katika kinu kidogo, pondo mbili tatu tu za kuvipasua. Najua kazi za sikukuu ni nyingi, lakini hii haimalizi hata muda wa kukaanga tavu moja ya mahamri. Iliki ndiyo ya kuchaguliwa kwa makini kuliko vyote, kwa sababu ndiyo ghali kuliko vyote. Chukua ganda moja, lipasue kwa ukucha pale pale dukani, na utazame ndani: mbegu ziwe nyeusi au za kahawia iliyokolea, zigandane kidogo, na ziache unyevunyevu wa mafuta kwenye kidole. Ganda lenyewe liwe la kijani na liwe limefumba. Iliki iliyopauka na kupasuka mdomo imekwisha kupoteza mafuta yake, na utalazimika kutumia mara mbili ili upate ladha ya mara moja. Karafuu nzuri ina kichwa chake kamili, na ukiitupa majini huzama au husimama wima, hali ile iliyokauka kupita kiasi hulala juu ya maji. Kwa mdalasini, ninapendelea ule wa maganda membamba yaliyokunjwa tabaka juu ya tabaka, unaovunjika kwa vidole, kwa sababu gome nene na gumu linahitaji kuchemshwa muda mrefu zaidi ndipo litoe ladha.

Hapa siwezi kuwapita wauzaji bila kuwagusa. Kila mwaka, mwezi wa Maulidi unapokaribia, bei ya iliki hupanda, na ukiuliza sababu utaambiwa habari za mafuta ya boti, za barabara ya kuja Mokowe, gati la upande wa bara, au za dola. Ningekubali maelezo hayo kama iliki hiyo ingekuwa imeshuka gatini jana. Lakini mara nyingi ni ile ile niliyoiona juu ya rafu ile ile kabla ya Ramadhani, ndani ya mtungi ule ule wa kioo unaopigwa na jua la asubuhi, na jua hilo halijapandisha thamani yake hata kidogo. Kisha kuna wimbo wa "Mama, hii ni ya Unguja." Iliki nyingi inayouzwa duniani hutoka Guatemala, nchi ambayo kwa miaka mingi imeongoza katika kuiuza nje, na iliki ya huko ikiwa mbichi na imefumba vizuri haina aibu yoyote. Linaloniudhi ni kulipishwa nyongeza kwa ajili ya jina la kisiwa ambacho muuzaji mwenyewe hawezi kuthibitisha kwamba mzigo wake umewahi kukiona. Na wapo wasiotaka upasue ganda hata moja, wakidai unawaharibia mali. Mwenye iliki nzuri hupasua mwenyewe akakuonyesha.

Ni kwa sababu ya usumbufu huu ndipo nimeishia kuwa na jina moja ninalolipendelea, nami sioni haya kulitaja: Tropical Heat, kampuni ya hapa Kenya. Viungo vyake vizima huja vikiwa vimefungwa, vina tarehe, na bei yake haibadiliki kwa kuwa muuzaji amekuona umevaa buibui jipya. Masala yake ya chai ya unga ndiyo ninayoipa nafasi ya pili katika orodha hii, na ya kwanza miongoni mwa masala zote za unga, kwa sababu ile ile ya punje: nikiisugua kati ya vidole naihisi laini, ya ukubwa mmoja, na jaribio la gilasi huacha utando mwembamba badala ya mchanga. Wapo wanaolalamika kwamba ni kali upande wa tangawizi na pilipili manga. Hilo ni kweli kwa ulimi wa Lamu, uliozoea iliki itangulie, lakini dawa yake ni kupunguza kijiko na kuongeza maganda mawili matatu ya iliki iliyopasuliwa. Ninunue gani tena, na kwa nini? Nimeridhika.

Hata masala hiyo, hata hivyo, haifai kumwagwa ovyo sufuriani. Shona vijifuko vya kitambaa cha melimeli, vyenye ukubwa wa kiganja, utie masala ndani, ufunge kwa uzi wa pamba, na ukitoe kijifuko kabla ya chai kuingia katika chupa. Kipande cha melimeli cha bei ndogo kitakufaa kuliko chujio la pili. Ikiwa ni lazima ununue chujio, liwe la chuma kisichoshika kutu na lenye matundu madogo sana.

Masala inayosagwa kwa mashine sokoni, ile inayopimwa kutoka katika beseni lililo wazi, naiweka nafasi ya tatu kwa shingo upande, tena kwa yule tu anayepeleka viungo vyake mwenyewe na kusimama hapo hadi visagwe. Mashine hizo hizo husaga pilipili na bizari, na mabaki yake huingia katika chai yako. Omba isagwe mara mbili, kisha uichekeche nyumbani. Vifuko vya chai vilivyokwisha kutiwa masala vinashinda kila kitu kwa upande wa mashapo, nakiri, lakini maziwa huvilemea, na utatumia vitatu kwa kikombe kimoja. Vijipaketi vya shilingi 20 na unga wa chai uliochanganywa na sukari na maziwa, sina la kusema juu yake.

Majani yenyewe nayo huleta tope, jambo ambalo wengi hulisingizia masala. Chai yetu ya Kenya, ambayo nyingi hukatwakatwa na kuviringishwa kwa mashine ili itoe rangi upesi, hugawanywa kwa ukubwa wa punje kabla ya kufika mnadani Mombasa: daraja la BP1 ndilo lenye punje kubwa, hufuata PF1, kisha huja zile za vumbi. Vumbi hutoa rangi kali kwa haraka na hupita katika chujio kwa haraka hiyo hiyo. Ikiwa paketi haikutaja daraja, itikise karibu na sikio na utazame unga unaobaki kwenye mkunjo wake. Chagua yenye punje zinazoonekana kwa macho.

Kwa wageni sita hivi, chemsha nusu lita ya maji na maganda 8 ya iliki, karafuu 4, pilipili manga 6, kipande cha mdalasini cha urefu wa kidole, na tangawizi mbichi iliyopondwa, kwa moto mdogo kwa dakika 10. Tangawizi ichemke katika maji kwanza, kwa sababu ikiwa mbichi ina kimeng'enya kinachokata maziwa, na joto la kuchemka hukiua. Tia vijiko vitatu vya chai vya majani, subiri dakika 4, chuja, kisha utie sukari. Maziwa, nusu lita nyingine, yapashwe pembeni hadi yatoe mvuke bila kuchemka, kati ya nyuzi 60 na 65 ukiwa na kipimajoto, halafu yapigwe povu kwa mchapo mdogo wa betri au kwa kuyamimina kutoka jagi moja hadi jingine kwa mkono ulioinuliwa. Maziwa ya paketi ya kukaa muda mrefu, ambayo ndiyo yanayopatikana kwa urahisi zaidi kisiwani, hutoa povu linalodumu, basi hakuna haja ya kumsubiri mwenye maziwa mabichi avuke kutoka bara. Changanya viwili hivyo katika kikombe, usichanganye ndani ya chupa: maji ya viungo yakae peke yake katika chupa ya kumimina, na maziwa yapigwe povu kila kundi la wageni linapoketi.

Kuhusu kiasi cha kununua, gramu 100 za iliki zinatosha nyumba ya kawaida kwa Maulidi yote na zikabaki za Idi, mradi zihifadhiwe zikiwa na maganda yake, katika mtungi unaofunga sawasawa, mbali na dirisha. Masala ya unga inunuliwe paketi ndogo, kwa kuwa ikifunguliwa harufu yake hupungua wiki hadi wiki. Anayetaka kukwepa bei za Mfungo Sita aende sasa, katika Mfungo Tano, tena asubuhi siku ambayo duka halina watu, na apasue ganda lake kabla ya mizani kuguswa.