Bweni au kutwa: wapi utamjua mwanao?

Wazazi wengi huchagua bweni kwa ajili ya masomo: muda wa kujisomea usiku upo, hakuna kugombea daladala alfajiri. Ni kweli. Mimi nazipima shule hizi kwa swali jingine: wapi utamjua mwanao?

Mtoto wa kutwa anarudi kila jioni na siku yake usoni. Binti yangu, akiwa darasa la tatu, nikimuuliza "kuna nini?" alijibu "hamna kitu, mama." Lakini tukikaa kuchambua mchicha, macho kwenye ungo, maneno yalitoka yenyewe. Hapo ndipo nilipojua kwamba alichukia hesabu kwa sababu ya kuchekwa darasani, na mimi nilikuwa nikimwita mvivu. Iliniuma sana. Kutwa nako kuna ugumu: uchovu, foleni, na mzazi anayefika saa tatu usiku mtoto ameshalala. Huyo naye hamjui mwanawe.

Bweni ni siku ya kutembelewa, pilau, maswali ya ripoti, kwaheri. Likizo anarudi amerefuka, ana marafiki usiowajua. Kwa kijana wa sekondari naona linafaa, anajifunza kujitegemea. Kwa mdogo, hapana. Machi 2023 serikali ya Tanzania ilizuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu, nami niliunga mkono kwa moyo wote.

Ukilazimika kumpeleka, likizo ya kwanza usimwandikishe tuisheni. Mpe wiki nzima jikoni, wewe na yeye.