Tochi ya UV na kioo cha sonara: uzoefu wangu wa kukagua kadi za zamani za besiboli

Kama unakusanya kadi za besiboli za kabla ya miaka ya 1980 na mfuko wako unaruhusu kifaa kimoja tu cha kugundua kadi bandia au zilizochezewa, nunua kioo cha kukuzia, kile cha mara 10 wanachotumia masonara. Tochi ya UV, yaani ya mwanga wa urujuanimno, itafuata baadaye. Najua tochi ndiyo inayosifiwa zaidi, maana inapendeza kwenye video. Mimi ninavyo vyote viwili, pamoja na kalipa ya kidijitali ya kupimia ukubwa wa kadi, na huwa navibeba ninapokwenda kwenye maonyesho ya kadi hapa Ohio ninakoishi.

Nianze na hiyo tochi. Yangu ni ya nanomita 365, ina kichujio cheusi mbele ya taa, na ilinigharimu kama dola 30. Achana na zile za bei chee za nanomita 395. Zinatoa zambarau nyingi inayoonekana kwa macho, na zambarau hiyo inaufunika mng'ao unaoutafuta. Mng'ao wenyewe unatokana na kemikali za kung'arisha ambazo viwanda vya karatasi vilianza kuzitumia kwa wingi baada ya Vita Kuu ya Pili. Ni jamii ya zile zinazotiwa kwenye sabuni ya unga, ndiyo maana shati jeupe huwaka samawati kwenye taa za disko. Kadi ya Goudey ya 1933, iliyotolewa na kampuni ya bazoka ya Boston, ni ya kabla ya kemikali hizo, kwa hiyo chini ya tochi inatakiwa ibaki imefifia. Ikiwaka yote, unashika nakala ya miaka ya karibuni. Kona tatu zikiwa zimelala na moja inawaka, basi kona hiyo imejengwa upya kwa karatasi ngeni na gundi. Niliwahi kuiona kona ya namna hiyo kwenye Goudey moja: kwa macho matupu ilikuwa safi kabisa, lakini nilipozima taa ya chumba kikajitokeza kipande cheupe kisichozidi punje ya mchele, kimeshonana na kadi ya zamani kwa mstari ulionyooka mno. Kwa kazi hiyo tochi haina mpinzani.

Ila ina mipaka, na hapa ndipo wauzaji wa tochi wananyamaza. Ukifika kwenye kadi za kampuni ya Topps za miaka ya 1950 na kuendelea, kadi halali kabisa inaweza kuwaka. Usihukumu kadi peke yake. Tafuta kadi ya bei ndogo ya seti hiyohiyo, ya mchezaji asiye na jina, ambayo hakuna aliyekuwa na sababu ya kuichezea, uziweke pamoja chini ya mwanga. Zikitofautiana, endelea kuchimba.

Kubwa kuliko yote, tochi haioni kazi ya wembe. Chukua kadi moja maarufu ya mchezaji Honus Wagner, ya T206, yaani seti ya kampuni ya tumbaku ya American Tobacco iliyotoka 1909 hadi 1911. Mwaka 1991 Wayne Gretzky, yule bingwa wa hoki, na mwenzake Bruce McNall waliinunua kwenye mnada wa Sotheby's kwa dola 451,000. PSA, kampuni inayokagua kadi na kuzipa madaraja ya ubora, wakaipa daraja la 8 kati ya 10, na mwaka 2007 ikauzwa kwa dola milioni 2.8. Mwaka 2013 dalali Bill Mastro, aliyewahi kuimiliki, alikiri mahakamani kwamba alikuwa ameikata kingo za pembeni. Mkato wa namna hiyo hauwaki chini ya UV, kwa sababu karatasi ni ileile na wino ni uleule. Kilichobadilika ni ukingo tu.

Ndiyo maana nakisifu kioo. Isimamishe kadi uutazame ukingo wake kwa ubavu. Ukingo wa kiwandani una nyuzinyuzi zilizochomoza, na rangi yake imezeeka pamoja na mgongo wa kadi. Uliopitiwa na wembe juzijuzi ni laini, mweupe kuliko wenzake watatu, na wakati mwingine umepinda kidogo katikati mahali mkono ulipoteleza. Kadi yenye uso uliochoka lakini kona zake kali za kuchoma nayo ni ya kuitilia shaka. Kwa kadi ya hoki ya Gretzky mwenyewe, iliyotolewa na kampuni ya O-Pee-Chee ya Kanada mwaka 1979, mambo ni kinyume na wengi wanavyodhani: karatasi za kiwanda kile zilikuwa zikikatwa kwa waya, hivyo ukingo uliochanikachanika ni dalili njema.

Kadi iliyonishawishi kabisa ni ya mchezaji Roberto Clemente, namba 630 ya Topps ya 1971. Clemente kwangu ni mtu wa pekee. Alifariki kwenye ajali ya ndege tarehe 31 Desemba 1972 akipeleka misaada kwa waathirika wa tetemeko la Nikaragua. Seti ya 1971 ina pambizo nyeusi, na nyeusi hiyo hubanduka ukiigusa tu, ikaacha madoa meupe kwenye kingo. Watu huyaziba kwa maka peni. Kwenye meza moja niliomba ruhusa nikaitoa kadi kwenye mfuko wake. Uso ulikuwa unavutia. Chini ya kioo, wino wa kiwandani ulikaa juu ya kadibodi kama inavyotakiwa, lakini pembezoni palikuwa na weusi ulionywewa na nyuzi, na nilipoinamisha kadi ukatoa rangi ya urujuani. Ubavuni, ambako kadibodi inatakiwa kuwa na rangi yake ya asili, wino ulikuwa umetiririka ndani. Nilimpa muuzaji kioo aangalie mwenyewe. Aliangalia kwa muda, akaihamishia kadi kwenye boksi la zilizoharibika, na kwa hilo namheshimu.

Sina ugomvi na anayekarabati kadi yake akasema wazi. Kinachoniuma ni kuficha, kwa sababu kampuni za madaraja zikigundua huandika tu kwamba kadi ni halisi lakini imebadilishwa, na anayebaki na hasara ni mnunuzi wa mwisho.

Kalipa inasaidia kiasi. Topps za 1952 hadi 1956 ni inchi 2 5/8 kwa 3 3/4, na kuanzia 1957 ni 2 1/2 kwa 3 1/2. Kadi fupi inakupa sababu ya kuuliza, basi. Viwanda vyenyewe havikukata sawasawa, na mjanja huanza na kadi iliyotoka kubwa ili akiikata ibaki na kipimo halali. Mikunjo iliyopigwa pasi haihitaji kununua chochote: laza kadi mezani, washa tochi ya simu kwa ubavu, na mstari utaonekana mahali mng'aro wa uso umekatika.

Kadi ikishafungwa kwenye kasha gumu la plastiki la kampuni ya madaraja, vifaa hivi vinapoteza nguvu kubwa, kwani ukingo hauonekani vizuri na plastiki inavuruga mwanga wa UV. Kwa hiyo mimi hupendelea kununua kadi isiyofungwa, mchana, kwa muuzaji anayekubali nimkagulie bidhaa yake mbele ya macho yake. Asipokubali, naiacha.