Kamera ya Mlangoni: Inaona Vizuri, Inasikia Kupita Kiasi

Kengele hii ya mlangoni yenye kamera haina kasoro kubwa katika kazi yake ya msingi. Mchana sura ya mgeni huonekana bila shida, na usiku taa zake za infraredi hutoa picha isiyo na rangi inayotosha kumtambua aliyesimama mlangoni, ingawa akisogea karibu mno uso wake huwa mweupe pe. Buibui akitanda utando mbele ya lenzi, simu hupokea arifa usiku kucha.

Shaka yangu iko kwenye mipangilio ya kiwandani. Maikrofoni huwa imewashwa, kwa hiyo wapita njia hunaswa mazungumzo yao bila kuombwa ridhaa, na picha hufika hadi kwenye lango la jirani. Mwaka 2014, katika shauri la mtu wa Jamhuri ya Cheki aliyefunga kamera baada ya kuvunjiwa madirisha, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kamera ya nyumbani inayorekodi pia njia ya umma haihesabiwi kuwa shughuli ya nyumbani tu, hivyo haikwepi sheria ya kulinda taarifa za watu.

Hata waliomo ndani hawasalimiki. Programu yake huorodhesha kila anayetoka na kuingia, kwa saa na dakika, na yeyote mwenye nenosiri la akaunti hujua kijana amerudi saa ngapi na amesindikizwa na nani. Kifaa kilichonunuliwa kwa ajili ya mwizi kinaishia kuwapeleleza wenye nyumba.

Kwa upande wa udukuzi, mtengenezaji amefanya la maana kwa kumlazimisha mtumiaji abadili nenosiri la kiwandani kabla kamera haijaanza kazi, kwani ni manenosiri ya aina hiyo yaliyoiwezesha programu hasidi ya Mirai, mwaka 2016, kuteka kamera na ruta nyingi mno na kuzitumia kuangusha huduma za intaneti. Hata hivyo, uthibitishaji wa hatua mbili, yaani kuombwa uthibitisho wa pili baada ya nenosiri, umefichwa ndani kabisa ya menyu, na usimbaji ambao ungemzuia hata mtengenezaji asitazame picha zilizo kwenye seva zake haupo. Afadhali kuna nafasi ya kadi ya kumbukumbu ya kuhifadhia picha nyumbani badala ya kwenye seva hizo, nami ndiyo niitumiayo.

Naipendekeza kwa atakayekubali kuipangilia kabla ya kuifunga ukutani: azime maikrofoni, azibe upande wa jirani usirekodiwe, afupishe muda wa kuhifadhi picha. Asiye na subira hiyo, kengele ya kawaida na taa ya nje inayowaka mtu akikaribia vitamtosha.