Gia ya Hiace Inacheza? Usikubali Kushusha Giaboksi Kwanza

Mambo vipi wanangu, karibuni gereji. Leo tupo Igoma, hapa Mwanza, kelele za barabarani mtazivumilia, maiki mpya bado haijafika. Hii ni Hiace ya gia za kwenye dashibodi. Injini yake mnaijua, siti mnazijua, sipotezi bando lenu.

Dogo, lete kamera hapa kwenye gia. Gari imezimwa, hendibreki nimevuta, ipo namba tatu. Namba tatu, eeh? Angalieni: kushoto… kulia… kushoto tena. Na bado ipo ndani ya gia! Inazunguka kama mwiko kwenye sufuria ya uji. Sasa fikiria upo mlima wa Bugando, abiria wamejaa, unatafuta moja inaingia tatu, gari inazima, konda anaruka kutafuta jiwe.

Huyu kaka mwenye gari ameambiwa giaboksi imekufa, ishushwe. Hapo ndipo ninapopata hasira. Twende chini. Dogo, panda wewe utikise gia, kamera nashika mwenyewe.

Mnaziona waya mbili? Mmoja unachagua mstari wa gia, mwingine ndio unaingiza gia yenyewe. Mwisho wa kila waya kuna tundu, ndani yake bushi, yaani kipete cha raba, na bushi imevaa pini ya giaboksi. Tikisa! Waya unatembea, pini imetulia. Tikisa tena, polepole. Waya huo unaenda… pini haina habari kabisa! Ule mwanya ndio ugonjwa wote. Huku chini ni milimita chache tu, lakini mkono wa gia ni mrefu, ukifika juu unakuwa mchezo mkubwa. Bushi imeliwa mpaka imebaki ganda.

Dawa ni hizi hapa, bushi za nailoni. Hazina jina, zipo kwenye kifuko tu, nimeuziwa elfu 15 jozi baada ya kubembeleza sana. Unaitumbukiza kwenye maji ya moto ilainike, unaisukuma kwenye tundu, halafu unabana kwenye pini. Sikilizeni… tak! Umeisikia hiyo? Dogo, tikisa. Waya na pini sasa vinakwenda pamoja. Rudia. Jamani, rudia tena, nataka waione! Safi sana.

Ila nikiwasha… wekeni sikio. Mtetemo wa dizeli unapanda mpaka mkononi, bushi ya raba ilikuwa inaumeza. Kwa daladala nasema nailoni, funga. Kwa gari ya familia, hapana, hebu tafuta raba, na usiipake grisi yoyote utakayoikuta, kuna grisi zinaivimbisha. Za shaba za kuchonga sizitaki, zinakula pini. Na wale wa chaneli ya jirani wanaowafundisha kufunga mpira wa tyubu na waya wa kufungia nondo, nawasalimia.

Watu wa Sengerema mmepona kidogo. Siku hizi mnateleza juu ya daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 bila kubadilisha gia. Enzi za foleni ya feri ilikuwa gia namba moja, fri, moja, fri, na bushi ndipo zinapoisha.

Msinielewe vibaya lakini. Kama gia inachomoka yenyewe gari ikivuta, au inasaga kila ukiingiza, bushi haikusaidii, hapo tunaongelea klachi au ndani ya giaboksi. Na kabla hujanunua, chungulia pia chini ya dashibodi, huko juu waya zina ncha nyingine na zenyewe huchoka.

Laivu tumehamishia Jumamosi jioni, bonyezeni kengele.

Mnauliza sana kile kirungu cha gia chenye taa ya bluu. Kinauzwa ghali kuliko bushi hizi na hakikazi chochote. Ni kizuri, sikatai, usiku kinapendeza. Hata huyu kaka anakitaka, nimemwambia alipe bushi kwanza.