Nyota nne kwa soko la Amu, kutoka kwa fundi lipu

Kazi yangu ni lipu na chokaa. Nikiingia sokoni macho huanza sakafuni, yakapanda ukutani, yakaishia kwenye paa, ndipo nikakumbuka kuwa nimetumwa bamia na nazi mbili. Kwa hiyo asiyetaka maneno ya ujenzi na apite. Haya ni maoni ya mwashi juu ya soko letu la Amu, yaani mji wa Lamu, lile la ubavuni mwa Ngome ya kale, na nalipatia nyota nne kati ya tano.

Sifa yake kubwa ni kwamba liko njiani. Mtu wa Mkomani, mtaa wa kaskazini, mwenye shughuli zake Langoni, mtaa wa kusini, hufuata Usita wa Mui, njia kuu ya mji, na njia hiyo lazima imtoe Mkunguni, uwanja ulio mbele ya Ngome, soko likiwa pale pale pembeni. Hakuazimia kununua kitu. Akiona maembe ya ngowe yamepangwa mafungu mafungu, mkono unaingia mfukoni wenyewe. Watoto wa madrasa hupita hapo, hamali hupita, anayekwenda kutoa mkono wa taazia hupita. Na pale Mkunguni pana miti yenye kivuli, pana wazee na bao lao, pana kahawa. Bwana aliyemsindikiza mkewe ana pa kuketi mpaka kikapu kijae, na hatozwi hata senti. Wachora ramani za masoko huhesabu vibanda. Wanaongoja huwa hawawahesabu, na hao nao ndio watakaoishia kununua.

Ngome yenyewe ilijengwa kati ya 1813 na 1821. Kuanzia 1910 hadi 1984 ilikuwa jela, kwa hiyo watu wa rika langu wamekulia kununua mchicha nje ya ukuta ambao ndani yake mlikuwa na wafungwa. Leo ni makumbusho. Mimi naipendea unene wa ukuta wake. Jengo la mawe la kimo kile hutoa kivuli kizito, na wenye biashara za kutandika chini wanakijua kuliko mhandisi yeyote: kikisogea, nao husogeza magunia yao. Hakuna aliyewapigia mstari wala kuwapa namba.

Mzigo nao unaingia kwa njia yake. Mboga nyingi hutoka bara, Mpeketoni na Hindi, huja kwa gari mpaka Mokowe, zikapakiwa botini. Kutoka gatini hadi sokoni ni hatua chache, kwa bega la hamali, kwa mkokoteni au kwa punda mwenye shogi mbavuni. Mji hauna magari, basi soko halikuhitaji kumega uwanja liweke maegesho. Kile kipande ambacho miji mingine huwapa madereva, kwetu wamekaa wauza ndimu. Kasoro yake waijua ukisikia "Simile! Simile!" nyuma yako na ukuta uko mbele. Punda wa Amu hana breki.

Upande wa samaki ndiko ninakokawia. Kaskazi ikivuma bahari hutulia na meza hujaa: changu, tafi, kolekole, nguru. Kusi ikishika, bei hupanda na maneno huwa machache. Muuza samaki wangu haulizi kilo ngapi kwanza. Anauliza, "Wa kupaka au wa mchuzi, bwana fundi?" Ukisema wa kupaka, tafi anapasuliwa mgongoni akafunguka kama kitabu, ukisema wa mchuzi, anakatwa vipande. Kabla ya yote anamkata miba, maana mwiba wa tafi una sumu na ukikuchoma hutashika mwiko siku hiyo. Magamba yanaruka, paka wamejipanga chini ya meza. Mwezi ukiwa mbaya anachomoa daftari lililolowa ncha, anaandika jina, basi. Haya yanawezekana kwa sababu kati yangu na yeye pana meza ya kimo cha kiuno na hakuna kingine. Weka wavu hapo, au dirisha la kupokelea pesa, na lile daftari litakufa.

Nyota ya tano imezama kwenye maji ya samaki. Sakafu ya samaki popote pwani huloa, na njia nyembamba ikiloa watu wakasongamana, mwenye buibui ana kazi ya kuinua pindo kwa mkono mmoja na kikapu kwa mwingine. Adhuhuri joto na harufu havivumiliki.

Sasa nieleze kwa nini bado nalipatia nne. Pwani hii hii kuna soko jingine jipya, jina nalihifadhi, ambalo nilipata kibarua cha kulipiga lipu. Jengo zuri machoni: mabati mapya, vigae, mifereji ya kutosha, taa. Lakini lilizungushiwa ukuta wenye geti moja, na geti likatazama barabara ya magari ilhali watu wa mtaa huo hupita kichochoro cha nyuma, tangu enzi. Meza zilimwagwa za saruji, ndefu, kimo cha mtu kusimama. Akaletwa bibi mmoja muuza mnavu kuonyeshwa nafasi yake. Meza ilimfika kifuani. Akaizunguka, akapiga piga kwa kiganja, akaniuliza mimi niliye juu ya jukwaa na mwiko wangu, "Mwanangu, na mie nitakaa wapi?" Sikuwa na jibu, fundi lipu haulizwi ramani. Baada ya ufunguzi, wanawake wengi walirudi kutandika kule kichochoroni, wakaitwa wakaidi. Wakaidi kwa lipi? Wamefuata wateja wao.

Wapo waliojenga soko jipya na likakubalika. Koudougou, Burkina Faso, walifyatua tofali za udongo wa pale pale, uliokandamizwa, wakawafunza waashi wa mji wenyewe kujenga tao na kuba. Soko hilo lilipata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo mwaka 2007. Na kule Dandaji, Niger, msanifu Mariam Kamara alilipanga soko kuuzunguka mti wa kale ambao watu tayari walikuwa wakikutana chini yake, kisha akaweka miavuli ya chuma ya rangi, mmoja juu zaidi ya mwenziwe, ili joto lipate pa kutokea. Nilipoona picha zake nilicheka peke yangu. Mkunguni hiyo.

Nasema haya kwa sababu kila baada ya muda huzuka maneno kwamba Amu yafaa ijengewe soko la kisasa. Mji umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, kwa hiyo ghorofa la vioo halitaota usiku mmoja. Lakini hata ukarabati mdogo unaweza kuharibu. Ningeulizwa, ningesema: njia zote zinazoingia zibaki wazi, hata zile za kupita punda. Upande wa samaki usuguliwe upya, sakafu ipewe mteremko na mfereji mpana wenye kifuniko kinachoinuliwa kwa mkono mmoja, ili mwenye meza asafishe mwenyewe bila kumsubiri mtu wa ofisi. Wauza mboga wajengewe baraza, kimo cha goti, kama zile za milangoni mwetu. Mama akae, mteja naye akae wakipatana. Na kuta za matumbawe zisiguswe na saruji. Saruji hufungia unyevu na chumvi ndani, lipu ikavimba, ikabanduka vipande. Chokaa huacha ukuta upumue. Hili nitaligombania hata na mwenye cheti.

Kwa mgeni anayetaka kwenda: nenda asubuhi, kabla ya saa tatu, umevaa ndara. Chukua kikapu chako na pesa ndogo ndogo. Ramadhani rudi tena baada ya alasiri ununue kaimati na mkate wa mofa. Ijumaa maliza mapema. Ikikaribia saa sita wengi hufunika bidhaa kwa gunia, wakaenda msikitini, na utabaki wewe na paka.