Kupima na kuchanjwa homa ya ini B mjini Moshi: huduma ya zahanati moja ya binafsi

Ubora wa zahanati hii, ambayo tuliitumia mimi, mume wangu na binti yetu anayejiandaa kuingia chuo cha uuguzi, unaonekana kabla hata ya sindano kuguswa. Muuguzi alimwuliza kila mmoja wetu umri wake, kazi yake, kama mama yake mzazi au ndugu wa tumbo moja ana maambukizi, kama aliwahi kuongezewa damu, na kama huchangia wembe au mswaki na mtu mwingine.

Nilipotaka kujua sababu ya maswali hayo yote, alinieleza bila haraka kwamba umri wa kuambukizwa ndio unaoamua mengi. Takriban watoto 90 kati ya 100 wanaoambukizwa na mama zao wakati wa kuzaliwa hubaki na kirusi kwa muda mrefu, ilhali kwa watu wazima wenye afya njema ni kama 5 tu kati ya 100. Mwenye kinga dhaifu, kwa mfano anayeishi na VVU bila dawa, naye hupata shida kukiondoa. Kwa hiyo mbebaji, yaani mtu anayebaki na kirusi mwilini kwa muda mrefu, anaweza kuwa mtu asiyewahi kuona macho yake yakigeuka manjano, aliyekipata kirusi akiwa mchanga. Natamani kila maabara ieleze hivyo, maana kwetu mwenye majibu chanya husengenywa upesi kuwa ni mwasherati.

Kwa sababu hiyohiyo siwezi kuinyamazia kasoro yao kubwa: majibu hutolewa dirishani, kwa sauti inayofika hadi kwenye mabenchi ya wanaosubiri. Sisi hatukukutwa na maambukizi, lakini aliyekutwa nayo anastahili chumba chenye mlango, na aambiwe humo kwamba kipimo kimoja hakitoshi kumwita mbebaji mpaka kirudiwe baada ya miezi 6.

Mapokezi ni ya heshima na bei zimebandikwa ukutani. Chanjo ni dozi tatu: ya kwanza siku hiyohiyo, ya pili baada ya mwezi 1, ya tatu miezi 6 baada ya ile ya kwanza. Mume wangu, ambaye amevuka miaka 40 na anavuta sigara, alielezwa kwamba mambo hayo mawili hupunguza mwitikio wa mwili kwa chanjo. Binti yetu, kwa kuwa atashika damu kazini, aliandikiwa kipimo cha kinga mwezi 1 hadi 2 baada ya dozi ya mwisho.