Orchestra Baobab, Pirates Choice: dansi lisilo na papara

Mi nimekulia kwenye dansi, kwa hiyo mara ya kwanza nasikiliza hii albam ya bendi ya Dakar, Senegal, nilikuwa nangoja sebene, ile sehemu gitaa zinapochanganya watu wanainuka kucheza. Nikangoja weee. Haikuja. Wimbo wa kwanza, Utrus Horas, unakaribia dakika tisa na mwendo ni ule ule mwanzo mwisho, kama mzee anatoka msikitini Ijumaa, anasalimia kila mtu na nyumbani atafika tu. Nikaona hawa jamaa wamelala, nikazima.

Kilichonirudisha ni gitaa la solo. Limewekewa mwangwi, linatoka kama mtu anapiga chumba cha pili, af mpigaji anakamata kipande kimoja kifupi anakizungusha, anakirudia, unadhani kaishiwa kumbe anakubadilishia noti moja tu pale mwishoni na unajikuta umetabasamu peke yako kama chizi. Huyo ni Barthélemy Attisso, Mtogo aliyeenda Dakar kusomea sheria, gitaa akajifunzia hukohuko mwenyewe, na bendi ilipovunjika akarudi kwao Togo, mjini Lomé, kuwa wakili! Na saksafoni ya Issa Cissoko haimkatizi, inasubiri zamu yake ndo inaingia kwa kukwaruza kidogo.

Siku moja naipiga sebuleni, baba alikuwa kajilaza kwenye kochi nikajua kasinzia, akauliza macho yamefumba, "Hii bendi gani ya Dar, mbona maneno siyakamati?" Nikamwambia baba hawa Wasenegali, hapo wanaimba Kiwolof. Hakuniamini mpaka nilipomwonyesha jalada. Ila simlaumu, santuri za Cuba zilizowalea hawa wa Dakar ndo zilezile zilizowafundisha Wakongo rumba, na rumba ya Kongo sote tunajua ilivyoingia kwetu. Damu moja, hata zile tumba zinaongea lugha moja.

Walirekodi Dakar 1982, Uingereza ikatoka 1989 chini ya lebo ya World Circuit, na kipindi hicho bendi ishasambaratika kwa sababu vijana walishahamia mbalax, muziki wa Senegal wa ngoma za kasi, wa kina Youssou N'Dour. Kwa hiyo wazungu wanaishangaa albam na wenyewe kila mtu kashika hamsini zake. Walikuja kurudiana 2001.

Kama unainunua chukua ile ya 2001 yenye sidii mbili, ingawa kusema kweli sidii ya pili siipigi sana, nyimbo nzuri lakini hazikai pamoja kama zile sita za mwanzo. Coumba na Werente Serigne peke yake zinarudisha hela yako. Asiyependa nyimbo ndefu asijisumbue. Na tafadhali usiisikilize kwa spika ya simu, besi yote inapotea na ndo inayokutikisa mabega, mi nilifanya hivo wiki nzima nikawa nauliza watu wanasifia nini hapa. Nyota nne na nusu, hiyo nusu nimeikata kwa ajili ya sidii ya pili, na baba anasema nimekosea.